Vitz "iliyoungua gasketi": uchambuzi wa kisa cha gari dogo lililokuwa likichemsha

Jina la mmiliki, gereji zilizohusika na namba za gari vimeondolewa. Nilihusika kama mtu aliyeombwa maoni ya pili, baada ya fundi wa kwanza kutoa hukumu yake na kabla ya spana kugusa silinda hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, kinachokaa juu ya gasketi inayotenganisha maji, oili na moto wa silinda.

Gari na mwenye gari

Gari ni Toyota Vitz ya toleo la pili, lile lililoingia sokoni Japani mwaka 2005 na ambalo mitaa ya Dar es Salaam bado inaliita "nyu modo", ingawa toleo lililolifuata lilitoka mwaka 2010. Injini ni 1KR-FE: silinda tatu, cc 996, bloku na silinda hedi za aluminiamu, taiming ya mnyororo. Ni injini nyepesi isiyo na makuu na hainywi mafuta, ila ina udhaifu mmoja ambao mafundi wake wanaujua: pampu ya maji huanza kuvuja mapema.

Mmiliki ni mwajiriwa anayeishi Kibaha na kufanya kazi katikati ya jiji. Asubuhi hutoka kabla ya jua, barabara ya Morogoro ikiwa nyeupe, na gari linakwenda mwendo mzuri bila kusimama. Jioni ni kinyume chake: foleni, kusimama na kusogea, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Injini hiyo hiyo inapozwa sana asubuhi na kunyimwa upepo jioni. Ratiba hii ndiyo iliyofumbua fumbo, kwa hiyo nimeitanguliza.

Vitz hii haina mshale wa joto kwenye dashibodi. Ina taa mbili: ya bluu, inayowaka injini ikiwa baridi na kuzimika inapopata joto, na nyekundu, inayowaka mambo yakishaharibika. Katikati ya hizo mbili dereva haoni chochote. Mmiliki alilinunua gari kwa mkono wa tatu, na tangu siku ya kwanza taa ya bluu ilikuwa ikiwaka asubuhi hadi anakaribia Mbezi. Aliamini ndivyo Vitz zilivyo, na waliomuuzia nao walimwambia hivyo.

Malalamiko na hukumu ya kwanza

Gari lilianza kula maji, mwanzoni kidogo, baadaye ikawa lazima kuongeza kila baada ya siku mbili. Jioni moja kwenye foleni ya Kimara taa nyekundu iliwaka, mvuke ukatoka chini ya boneti, akaegesha. Bodaboda aliyesimama kumsaidia alitaka kufungua mfuniko wa rejeta, kipoza maji ya injini, papo hapo. Bahati nzuri mmiliki, dada yule, alimkatalia. Alisubiri gari lipoe, akajaza maji ya chupa, akafika nyumbani.

Kesho yake alilipeleka gereji ya karibu. Fundi alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza na kumwonyesha upande wa ndani. Ulikuwa umepakwa utando mzito wa rangi ya maziwa, kama uji wa ngano.

"Dada, hii gasketi imeungua. Maji yanaingia kwenye oili. Ona mwenyewe."

"Una uhakika, fundi?"

"Tufungue hedi tu. Ukiendelea kuendesha unaua injini."

Gharama aliyotajiwa ilikuwa shilingi 480,000, mbali na kazi ya mashine kama hedi ingekutwa imepinda. Kulikuwa na pendekezo la pili pia: aachane na injini hiyo, anunue injini nyingine ya mtumba kutoka Japani. Hapo ndipo aliposita na kutafuta maoni mengine.

Simbezi fundi huyo. Gari linakula maji, limechemsha, na kuna maziwa kwenye mfuniko wa oili. Ukiviweka vitatu hivyo pamoja, mafundi wengi wangesema gasketi. Tatizo ni kwamba alihukumu kwa kutazama tu, hakupima.

Tulichopima kabla ya kufungua chochote

Kazi ilifanywa na fundi wa pili kwenye gereji nyingine. Kwanza alichomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na maziwa, na kiwango chake hakikuwa kimepanda. Maji yakiingia kwenye oili kwa wingi wa kumaliza lita moja kila siku mbili, kijiti lazima kionyeshe. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza dhidi ya hukumu ya gasketi.

Pili, injini ikiwa baridi, mfuniko wa rejeta ulifunguliwa na gari likawashwa. Gesi ya silinda ikipenya kwenye maji utaona mapovu mfululizo, na ukikanyaga mafuta maji yanaruka. Hapa maji yalitulia. Ila tuliona jambo lingine: yalianza kutembea ndani ya rejeta mara tu injini ilipowaka. Kwenye injini iliyolala usiku kucha maji ya rejeta yanapaswa kusimama mpaka thamostati, vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata joto, ifunguke. Kwa hiyo tulijua, kabla ya kufungua boliti hata moja, kwamba thamostati imebaki wazi au haipo kabisa.

Tatu, mgandamizo wa silinda. Plagi tatu zilitolewa, geji ikafungwa, na vipimo vya silinda zote vikakaribiana. Gasketi iliyoungua kati ya silinda mbili huangusha vipimo vya majirani hao wawili.

Nne, presha. Pampu ndogo ya mkono ilifungwa mahali pa mfuniko wa rejeta na mfumo ukajazwa presha mpaka 1.1 (karibu baa moja), kiwango kilichoandikwa kwenye mifuniko halisi ya gari hili. Mshale ulishuka polepole. Kwa tochi na kioo kidogo tulimulika chini ya pampu ya maji, upande wa mkanda. Kwenye kitundu cha kudondoshea kulikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu, na tone moja lilikuwa likijikusanya, likianguka, na kufuatiwa na lingine. Injini ikiwa ya moto tone kama hilo hukauka kabla halijafika chini, ndiyo maana mmiliki hakuwahi kuona maji sakafuni.

Mwisho, gari liliunganishwa na kompyuta likaendeshwa barabara kuu alfajiri. Kwenye mwendo wa kawaida joto la maji lilibaki kwenye digrii 60 na kitu. Injini hii inatakiwa iwe juu ya 80.

Kilichokutwa ndani

Nyumba ya thamostati ilipofunguliwa ilikuwa tupu. Nyaya za feni zilikuwa zimekatwa kwenye soketi na kuungwa dairekti na swichi, feni ikizunguka muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Mfuniko wa rejeta ulikuwa wa gari lingine, umeandikwa 0.9, na springi yake imelegea. Maji yaliyomwagwa yalikuwa na rangi ya chai. Mmiliki alikuwa akijaza maji ya kisima cha nyumbani, na sehemu nyingi za ukanda wa Pwani maji hayo yana chumvi. Kwa aluminiamu hiyo ni sumu ya polepole.

Kila kimoja kati ya hivi kiliwahi kuwa "matengenezo", na kuna mtu aliyelipwa kukifanya.

Maamuzi

Uamuzi mkubwa ulikuwa kutoifungua hedi. Hakuna kipimo hata kimoja kilichoelekeza huko, na kuna hoja ya pili isiyosemwa sana gereji: hedi ya aluminiamu iliyokaa miaka karibu ishirini bila kuguswa ni bora uiache. Ukiifungua unaingia kwenye boliti zilizovutika, usawa wa mashine na gasketi ambazo ubora wake sokoni huujui. Kama kulikuwa na kosa upande wetu, tungeweza kuifungua baadaye. Ukishaifungua, hurudi nyuma.

Wa pili ulikuwa kurudisha kwanza kila kitu kilichotolewa au kurukwa, kisha ndipo kuangalia kama bado kuna ugonjwa. Mmiliki aliuliza kama asingeweza kubadilisha pampu peke yake, maana ndiyo inayovuja. Angeweza. Lakini pampu mpya ndani ya maji ya chumvi, kwenye mfumo usioshika presha, isingemaliza muda mrefu.

Pampu ilinunuliwa mpya. Ya mtumba ingepatikana Kariakoo kwa chini ya nusu ya bei, lakini sili ya pampu huchakaa kwa umri na kwa maji iliyoyapitisha, na hakuna jicho linaloweza kuikagua kwa nje. Mkanda nao ulibadilishwa kwa kuwa ulikuwa tayari umefunguliwa. Mota ya feni, kwa kuwa ya zamani ilikuwa imechoka, ilinunuliwa pia, ila ya mtumba. Hapo mfuko ndio ulioamua: mpya ilikuwa ghali mno kwa mwezi ule, na mota unaweza kuipima kwa betri kabla ya kuilipia.

Kuhusu kulanti, maji maalumu ya kupozea injini, tulikataa chupa za bei nafuu ambazo mara nyingi ni maji yaliyotiwa rangi. Ilichukuliwa kulanti nzito na kuchanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri. Angalizo kwa anayetaka kuiga: duka lile lile huuza maji ya betri na asidi ya betri, na chupa hufanana. Soma kabla ya kumimina.

Kazi yenyewe

Pampu na mkanda havikuwa na hadithi. Thamostati ndiyo iliyochukua muda.

Ya kwanza ilinunuliwa dukani ikiwa kwenye boksi zuri lenye maandishi yote yanayotakiwa. Kabla ya kuifunga, fundi aliomba sufuria kwa mama lishe wa jirani, akaijaza maji, akaining'iniza thamostati kwa waya isiguse chini, akatumbukiza kipimajoto. Imegongwa muhuri wa 82. Maji yalipita 82, yakapita 90, vali haijasogea. Ilianza kufunguka maji yakiwa yanakaribia kuchemka. Ingefungwa vile, gari lingechemsha kwenye foleni ya siku ile ile, na kila mtu pale angerudi kwenye imani kwamba thamostati ni ya kutolewa. Ilirudishwa dukani kwa ugomvi kidogo. Ya pili ilifunguka pale pale ilipoandikwa na kujifunga ilipopoa.

Nyaya za feni zilirudishwa kwenye soketi, relei mpya ikawekwa, na mota ikafungwa. Mfumo ulisukumwa maji safi mara kadhaa mpaka yakatoka meupe, ndipo kulanti ikajazwa. Kutoa hewa ni hatua inayoharakishwa sana gereji, na hapa ilipewa muda wake: hita imewekwa kwenye moto, mfuniko wazi, injini ikinguruma mahali pamoja, bomba la juu likibinywa kwa mkono mara kwa mara, kulanti ikiongezwa kila ilipozama. Kazi ilihesabiwa imeisha pale feni ilipojiwasha yenyewe, ikajizima, ikajiwasha tena. Mfuniko mpya wa 1.1 ukafungwa.

Jumla ilifika shilingi 390,000, ufundi ukiwemo.

Matokeo

Taa ya bluu ilianza kuzimika kabla mmiliki hajafika barabara kuu. Hilo tu lilimshangaza kuliko yote. Alipiga simu kuuliza kama taa imekufa. Mlio wa injini gari likiwa limesimama ulishuka, na mafuta aliyokuwa akiweka Jumatatu yakaanza kumfikisha Ijumaa wakati zamani yaliisha Alhamisi. Mfuniko wa oili ulifutwa, oili ikabadilishwa, na maziwa hayakurudi.

Kisha, wiki ya pili, kulanti ikapungua. Rejeta ilikuwa na ufa mwembamba pale tangi la plastiki la juu linapokutana na aluminiamu, ufa uliokuwa ukifunguka ikiwa ya moto tu. Rejeta mpya na kulanti ya kuongezea vilikula shilingi 170,000 nyingine. Kwa hesabu ya kalamu, basi, mmiliki alitumia 560,000, zaidi ya alizotajiwa kwa kufungua hedi. Nimeacha takwimu hii wazi kwa sababu wapo watakaosema fundi wa kwanza alikuwa na bei nafuu. Alikuwa nayo, kwa kazi ambayo isingezuia tone hata moja kwenye pampu.

Uchambuzi: maziwa yalitoka wapi

Hapa ndipo kisa kizima kilipogeukia. Injini inapochoma petroli hutengeneza mvuke wa maji, na sehemu yake hupenya pete za pistoni na kuingia kwenye oili. Injini iliyofikia joto lake huukausha na kuutoa kupitia njia ya hewa. Isiyofikia joto hubaki nao, nao hugandia sehemu ya baridi kuliko zote, yaani mfuniko wa oili ulio juu. Vitz hii ilikuwa ikisafiri kila asubuhi bila thamostati, feni ikipuliza mfululizo, ikifika kazini haijapata joto la kutosha. Maziwa yale yalikuwa dalili ya injini baridi, na yalisomwa kuwa dalili ya injini iliyochemka. Ukiyaona juu ya mfuniko peke yake, chomoa kijiti kabla ya kuchomoa pochi.

Ulaji wa mafuta una mzizi huo huo. Kompyuta ya injini hupokea taarifa kwamba maji ni ya baridi, nayo huongeza petroli kama inavyofanya asubuhi ya kwanza. Hapo nyuma mmiliki alikuwa ameshauziwa plagi kwa sababu ya "kula mafuta". Plagi hazikuwa na kosa.

Uchambuzi: kwa nini thamostati hutolewa

Sababu inayosemwa kila gereji ni kwamba thamostati ni ya nchi za baridi na sisi kwetu ni joto. Joto la Dar es Salaam, hata mwezi wa pili, ni digrii 30 na kitu. Injini inataka zaidi ya 80. Kwa injini, Dar na Tokyo zote ni baridi.

Sababu halisi ninayoiamini ni nyingine: kuitoa hufanya kazi, kwa muda. Gari lenye rejeta iliyoziba au maji pungufu hupata nafuu thamostati ikitolewa, mteja anaondoka akiwa na furaha, na ugonjwa wenyewe unapata nafasi ya kukua kimya kimya. Naamini ndivyo ilivyoanza hapa. Pampu ilianza kuvuja, gari likachemsha mara moja, thamostati ikatolewa. Likachemsha tena, feni ikaungwa dairekti. Feni iliyozunguka miaka bila kupumzika ikachoka. Tulipoipima ya zamani kwa betri ilizunguka kwa uvivu. Asubuhi udhaifu wake haukuonekana kwa kuwa upepo wa barabara ulitosha, ila jioni ndiyo iliyokuwa tegemeo peke yake.

Na kuna hatari moja zaidi. Sensa ya joto husoma maji inayogusana nayo. Maji yakipungua ikabaki kwenye hewa, usomaji wake hauaminiki, na taa nyekundu inaweza kuchelewa. Mmiliki wa gari lisilo na mshale wa joto, linalovuja, anaendesha kwa kubahatisha.

Uchambuzi: kilichokwenda vibaya upande wetu wa kazi

Ufa wa rejeta ungeweza kuonekana mapema. Kipimo cha presha kilifanywa mara moja, mshale ukashuka, pampu ikakutwa na tone, na kushuka kote kukahesabiwa ni kwa pampu. Baada ya pampu mpya kipimo hakikurudiwa. Kingerudiwa injini ikiwa ya moto, rejeta ingejulikana kabla ya kulanti iliyolipiwa kumwagika barabarani.

Ufa huo ulipaswa kutarajiwa pia kwa sababu nyingine. Kwa miaka mfumo huu ulikuwa na mfuniko uliolegea, hivyo plastiki ya rejeta haikuwahi kubeba presha kamili. Mfuniko wa 1.1 ulipofungwa, ulikuja na kazi yake halali: kuinua kiwango cha maji kuchemka kutoka digrii 100 hadi karibu 120. Presha hiyo hutafuta penye udhaifu kwanza. Kwenye gari la umri huu, ukirudisha presha, iandae bajeti ya rejeta na mabomba hata kama leo yanaonekana mazima. Mmiliki hakuambiwa hivyo mapema, na alikuwa na haki ya kukasirika.

Mota ya feni ya mtumba mpaka sasa haijaleta shida. Hata hivyo siihesabu kama uamuzi mzuri wala mbaya. Ni uamuzi wa mwisho wa mwezi.

Vilivyobaki

Shokamzoba za mbele zinagonga na bushi za chini zimeliwa. Viliachwa kwa makusudi kwa sababu havitaua injini. Kwenye sevisi ijayo ya oili silinda zitapimwa mgandamizo tena, maana gari lilichemsha angalau mara moja mbele ya macho ya mmiliki na huenda mara nyingine zamani, na hedi iliyopinda kidogo huchukua muda kujitangaza. Chupa ya akiba imewekewa alama kwa kalamu ya wino mzito, na mmiliki huiangalia kila Jumapili injini ikiwa baridi.